Sauti ya Baba ilivyoponea chupuchupu kwenye video ya send-off ya mdogo wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nimekula nyuzi za watu miaka na miaka bila kuacha hata komenti. Leo naleta wa kwangu. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na kama kuna mtu wa Kirumba humu aliyekuwepo ukumbini siku hiyo, aje anisahihishe. Sina sababu ya kuwapikia chai, yaani kuwatungia uongo.

Kazi yangu ni graphics. Nina kiofisi Mirongo, natengeneza kadi, mabango, fulana za kwaya, na kadhalika. Pembeni najifunza animation, zile katuni za 3D, kwa masomo ya mtandaoni.

Mjue pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeshakunja uso. Kwa hiyo mkiona nahangaika sana huko mbele, sehemu ni tabia yangu tu, ingawa siku ile hata mtu mtulivu angehangaika.

Nianze na Baba.

Baba alikuwa dalali wa dagaa pale soko la Mwaloni. Mliofika mnajua kelele za asubuhi pale, kila mtu anapiga bei, makuli wanapita na magunia wanafukuza watu njiani. Baba hakuwahi kushika spika. Alikuwa anapanda juu ya kreti, anafungua mdomo, na wanunuzi wa upande wa pili wanageuka. Akina mama wa dagaa walimwita Redio.

Nyumbani ilikuwa tabu. Ukikosea, mtaa mzima unajua umekosea nini, maana mzee hakujua kugomba kwa siri.

Halafu sauti ikaanza kukwaruza. Tukadhani mafua. Tukadhani vumbi la dagaa. Tukadhani uzee. Hospitali wakasema kuna uvimbe kooni, na ili apone ni lazima waondoe sehemu yote inayotoa sauti. Ataishi, atapumulia tundu la shingoni, lakini kuongea ndiyo basi.

Nilikuwepo chumba cha daktari. Mimi nilikuwa na maswali kumi, nikashindwa kuuliza hata moja. Baba akauliza moja tu:

"Daktari, nimebakiwa na muda gani wa kuongea?"

Akaambiwa wiki chache.

Sasa, mdogo wangu Vero alikuwa ameshachumbiwa. Barua ya posa ilishapokelewa, tarehe bado. Na kwa wasiojua, kwetu send-off, sherehe ya kumuaga binti, ina kipengele cha nasaha. Baba mzazi anasimama mbele ya wageni wa pande zote mbili, anampa binti neno la kuondokea. Keki inaweza kukosekana, nasaha haikosekani.

Na nasaha nyingi nilizowahi kusikia zinafanana. Vumilia. Mheshimu mumeo. Ya ndani yasitoke nje. Vumilia tena. Upande wa mume wanapiga makofi, MC anaita zawadi.

Baba akaniita nyumbani, akaniambia nije na simu yangu nzuri. Tukajifungia chumbani kwao. Nikataka kurekodi video, akakataa.

"Sauti tu. Sitaki mtoto aje anione na shingo hii."

Akaongea. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini ilikuwa ni yeye mwenyewe, Redio yuleyule. Alimsimulia Vero alivyozaliwa, akamtania kuhusu ubishi wake, akamshukuru kwa mambo ambayo mimi sikujua hata kama alikuwa ameyaona. Kisha akafika kwenye uvumilivu kama wazee wote.

"Vumilia, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu. Hata mama yako amenivumilia mimi na makelele yangu."

Nikajua amemaliza. Nikanyoosha kidole nizime, akanizuia kwa mkono.

"Lakini mimi ni dalali. Nimeuza vitu vingi sana kwa mdomo huu. Wewe sijakuuza. Siku ukiona uvumilivu umegeuka mateso, rudi nyumbani. Usibishe hodi. Ingia."

Hapo ndipo akaniashiria nizime. Nililia, sina haja ya kuficha. Yeye alikunywa maji, akaniuliza kama simu imeshika vizuri.

Akafanyiwa operesheni, Mungu ni mwema, akapona. Siku hizi anaongea kwa mikono na kwa meseji, na meseji zake zote ni herufi kubwa. Hata kwenye simu mzee anapiga kelele.

Tarehe ya send-off ikapangwa, kamati ikaundwa, mwenyekiti akawa Baba mdogo, mdogo wake Baba. Kwenye kikao wakataka Baba mdogo ndiye atoe nasaha kwa niaba. Nikasema sauti ya Baba ninayo. Baba mdogo akauliza, sasa tupige sauti tupu ukumbini, watu watazame nini? Watadhani ni tangazo.

Ndipo nikaropoka. Nikasema nitamtengeneza Baba wa katuni, akae juu ya kreti pale Mwaloni, ziwa nyuma yake, mdomo unacheza, sauti yake inatoka. Kikao kizima kikafurahi. Mimi palepale nikaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Nilimwomba Baba ruhusa kwa meseji. Akajibu: NITENGENEZE NA KOFIA.

Vero hakutakiwa kujua chochote.

Sitawachosha na jinsi nilivyochonga pua ya mzee, maana ile pua peke yake ni uzi mwingine. Ila hapa lazima nieleze kidogo, la sivyo hamtaelewa nilivyojiroga.

Video ni picha nyingi zinazopita haraka. Mimi nilitumia picha ishirini na nne kwa kila sekunde moja. Kompyuta inachora kila picha kivyake, na picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Kitendo hicho ndicho tunaita kurenda. Kwa hotuba ya dakika chache una maelfu ya picha.

(Mkuu uliyeuliza hapo chini kwa nini sikurenda video moja kwa moja: mkuu, unaishi wapi? Sisi huku umeme ukikatika katikati ya video, faili zima linakufa na kazi ya siku nzima imekwenda. Ndiyo maana tunarenda picha mojamoja, zenye namba, ndani ya folda. Umeme ukikatika unapoteza ile moja tu iliyokuwa inachorwa. Ukirudi unaendelea. Mwisho ndipo unaziunga zote pamoja na sauti, unazibana, unapata faili moja la video. Kila anayefanya kazi hii hapa mjini anafanya hivyo.)

Nilijua nisingemaliza peke yangu. Nikamwomba Jose, rafiki yangu mwenye ofisi ya picha za pasipoti Nyamagana, anisaidie na kompyuta yake. Mimi nichore nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili. Kwa kuwa kutuma maelfu ya picha mtandaoni ni kumaliza bando la ukoo mzima, tukawa tunasafirisha kwa flash.

Wiki zikapita. Umeme unakatika, unarudi. Jose anakuja na flash, ananakilia kwangu, anakimbilia kwa wateja wake. Wakati mwingine alikuwa anaichomoa huku bado inahema, haijamaliza kunakili, nami namwambia, "Jose, utakuja kuniua." Anacheka.

Picha zilipotimia, nikafungua folda. Nikaona kuna picha nyingine hazionyeshi kitu. Ukubwa sifuri. Nikaelewa mara moja: hizi ni zile zilizokatwa na umeme, jina lipo lakini ndani hamna kitu.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Nikajiambia, picha moja kati ya ishirini na nne, nani ataona? Ni kupepesa jicho tu. Nikazipanga kwa ukubwa, nikazichagua zote za sifuri, nikafuta kwa mpigo. Sikuzihesabu. Nilijisikia kama mtu aliyechambua mchele akatoa mawe.

Kumbe kundi kubwa la zile tupu halikuwa la umeme. Lilikuwa la flash ya Jose iliyochomolewa mapema. Hazikuwa chache, zilikuwa mamia.

Na ubaya wenyewe ni huu. Ukifuta picha, programu haiachi nafasi wazi. Inasogeza zinazofuata mbele kuziba pengo, kama watu kwenye foleni ya benki. Sauti yenyewe haisogei. Kwa hiyo kuanzia kwenye pengo, mdomo unawahi na sauti inabaki nyuma, na picha zinaisha kabla mtu hajamaliza kuongea.

Hilo sikulijua bado. Nilikuwa na matatizo mengine.

Nilipounga mara ya kwanza, video ikatoka bubu. Baba yuko kwenye kreti, mdomo unacheza, kimya. Yaani nilikuwa nimemtengenezea mzee ububu mwingine kwa mikono yangu. Kumbe programu ile usipoichagulia mfumo wa kubana sauti, inaiacha tu nje, wala haikwambii.

Mara ya pili nikaweka sauti, faili likawa kubwa kama kiboko. Nikalipeleka kwa jamaa wa muziki, yule DJ aliyekodiwa na kamati, akalijaribu kwenye mashine yake. Picha inakwenda hatua moja, inasimama. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, niletee MP4 ya kawaida. Ile ambayo hata simu ya bibi inafungua."

Mara ya tatu nikabana vizuri. Nikajaribu kwa DJ, ikafunguka, picha laini, sauti safi. Tukaangalia dakika ya kwanza, akasema mzee amefanana balaa. Nikaondoka natembea kama nimevishwa taji.

Dakika ya kwanza tu, wakuu. Mtu wa wasiwasi kama mimi, ninayerudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango, niliangalia dakika ya kwanza tu.

Siku ya send-off ikafika. Asubuhi Baba mdogo akaja ofisini Mirongo kuchukua flash, ameshavaa suti.

"Shikamoo Baba mdogo."

"Marahaba. Iko wapi? Hebu niione na mimi."

Tukakaa. Nusu ya kwanza akawa anatabasamu, anapiga paja. Katikati nikaona katuni inashtuka kidogo, kama mtu aliyesinzia akaamka. Kuanzia hapo mdomo ukawa unafanya mambo yake. Sauti inaongea, mzee amefunga mdomo anapumua. Sauti imenyamaza, mdomo unacheza. Nikawa natazama mwisho wa mstari wa muda unavyokaribia na Baba bado ana maneno mengi.

"Ndoa ni uvumilivu. Hata mama yako amenivumilia mimi na makelele yangu."

Pap. Ikaisha.

Nilikuwa nimeiagiza video iishie pale picha zinapoishia. Sauti ikakatwa hapohapo. Hakuna dalali, hakuna "sijakuuza", hakuna mlango. Imebaki "vumilia" peke yake. Yaani nilikuwa nimemfanya Baba aseme kinyume cha alichokusudia, na asingeweza kusimama ukumbini akajisahihisha.

Baba mdogo akafuta macho.

"Safi sana. Pameishia pazuri."

Nikamwambia hapajaishia. Nikamfungulia simu yangu, nikampigia maneno yaliyobaki. Akasikiliza mpaka mwisho. Akarekebisha tai.

"Haya maneno mbele ya wakwe? Siku ya kumuaga mtoto, unamwambia habari za kurudi?"

"Ni ya Baba, Baba mdogo. Siyo yangu."

"Najua ni ya kaka yangu. Kaka yangu namjua kabla yako. Wewe acha ilivyo. Mungu mwenyewe ameshakata."

Wakuu, mimi siwezi kubishana na mzee. Nimelelewa hivyo. Nilisema "sawa". Na nitawaambia ukweli, kuna sehemu yangu ilipata nafuu. Nikiiacha hivyo nimemaliza kazi, hakuna wa kunilaumu, tena mwenyekiti ameridhia.

Alipotoka kwenda kuangalia gari, nikamwandikia Baba: Baba, mwisho wa maneno yako umekatika, yale ya kurudi nyumbani. Baba mdogo anasema tuyaache yasiwepo. Nifanyeje?

Nikaona anaandika. Anaacha. Anaandika.

YOTE.

Basi. Neno moja. Nikamwambia Baba mdogo natakiwa kuboresha kidogo, nitaileta flash mwenyewe ukumbini. Akaniangalia sana. Akaondoka.

Mpango ulikuwa rahisi. Nirudi kwenye folda, kila penye pengo nirudufu picha ya nyuma yake mpaka namba zitimie, niunge upya. Mdomo usingekuwa sawa kwenye lile pengo lakini baada yake ungerudi kwenye mstari. Wataalamu humu mnajua, ni kazi ya muda mfupi tu.

Nikafungua folda, nikaanza. Umeme ukakatika.

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka peke yangu mle ndani. UPS yangu, lile boksi la kushika umeme ukikatika, ilishakufa siku nyingi, ilikuwa inatumika kama kiti. Picha zote ziko ndani ya kompyuta ya mezani iliyozimika. Nikampigia Jose, kwake nako hakuna umeme. Akaanza kuomba msamaha wa flash, nikamwambia tutagombana kesho.

Nikangoja. Nikatoka nje kuuliza majirani, kama vile majirani ndio wenye umeme. Mwenye duka la jirani akasema leo mpaka jioni. Jioni ndiyo send-off yenyewe.

Nilichobaki nacho ni laptop yangu ya zamani, betri yake iko ukingoni. Ndani yake kuna ile video iliyokatika, niliinakili kwa ajili ya majaribio. Na simu ina sauti nzima ya Baba.

Nikafikiri nikiwa nimesimama. Nichukue picha za video hii, nitoe sauti iliyokatwa, niweke sauti nzima kutoka kwenye simu, niagize iishie pale sauti inapoishia. Mdomo hautarekebishika, lakini maneno yote yatakuwepo. Picha ya mwisho nikadhani itaganda tu pale, Baba ametulia kwenye kreti, sauti inamalizia.

Nikabana. Mstari wa kijani unasogea, namba ya betri inashuka, mimi nimepunguza mwanga wa kioo mpaka sioni vizuri. Nilisali sala zote nilizofundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara, hata ile ya chakula.

Ikamaliza. Nikanakili kwenye flash, nikasubiri mpaka mashine yenyewe ikaniruhusu kuchomoa. Laptop ikazima wakati naifunga. Sikupata nafasi ya kuitazama video hata sekunde moja.

Nikavaa suti juu ya jasho, nikapanda bodaboda.

Ukumbini umeme ulikuwa wa jenereta. Watu wamejaa, upande wa mume wamevaa sare ya kijani, kwetu dhahabu. Akina mama wa dagaa wa Mwaloni walikuwa na meza yao nyuma. Baba amekaa mbele na Mama, kofia kichwani, kitambaa cheupe kimefunika shingo. Vero amekaa kwenye jukwaa na mpambe wake, mzuri kweli, na mimi sikuweza hata kumtazama sawasawa.

Nikampa DJ flash. Akaniuliza, "Ni ileile?" Nikasema imebadilika kidogo. Akasema poa.

Baba mdogo alikuwa meza ya kamati. Tulipokutana macho, nikaangalia pembeni.

MC akatangaza nasaha ya baba mzazi. Ukumbi ukawa na ile minong'ono ya huruma, watu wanajua mzee haongei. Baba mdogo hakusimama. Taa zikapunguzwa, kioo kikubwa cha video kikawaka, Baba wa katuni akatokea juu ya kreti na kofia yake, ziwa nyuma.

"Vero, mwanangu."

Ile sauti ilipotoka kwenye maspika makubwa, meza ya akina mama wa dagaa ilisimama yote. Sauti ambayo hawakuisikia tangu aondoke sokoni. Mmoja akaanza kulia kwa nguvu. Vero akaweka mikono mdomoni, akabaki hivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya DJ, natazama ule mdomo.

Ukafika ule mshtuko wa katikati. Mdomo ukaanza kuwahi. Nikasikia watoto meza ya jirani wakicheka, na mtu mzima mmoja akisema kanda imeruka. Nilitamani nizime kila kitu, nipande jukwaani niseme ni kosa langu, mzee hakuongea hivi.

"Vumilia, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu."

Upande wa mume wakaanza makofi.

"Hata mama yako amenivumilia mimi na makelele yangu."

Na hapo picha ikaisha. Haikuganda kama nilivyodhani. Kioo kikawa cheusi kabisa.

DJ akajua imekwisha. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha kuingiza muziki. Nikaushika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikaukandamiza mezani.

"Lakini mimi ni dalali."

Makofi yakakatika. Watu walikuwa wanatazama kioo cheusi, hawaelewi, kisha wakaanza kutafuta sauti inatoka wapi. Na pa kutazama palikuwa mahali pamoja tu. Wakageuka kwa Baba.

Wakuu, kuna kitu sijawaambia. Tangu atoke hospitali, Baba hakuwahi kufungua mdomo mbele ya watu. Hata kucheka alicheka na kitambaa usoni. Aliwahi kuniandikia kwamba mdomo usio na sauti unamtia aibu.

Baba alikuwa amesimama. Na mdomo wake ulikuwa unasema.

"Nimeuza vitu vingi sana kwa mdomo huu. Wewe sijakuuza."

Neno kwa neno. Alikuwa anayajua kwa moyo. Mahali pa kupumua alipumua, mahali alipokohoa siku ile chumbani akatulia, akaendelea. Mimi nimekaa miezi nikilinganisha mdomo wa katuni na ile sauti, nikashindwa. Yeye alikuwa sawa nayo tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Siku ukiona uvumilivu umegeuka mateso, rudi nyumbani. Usibishe hodi. Ingia."

Vero alishuka jukwaani na gauni lake lote, mpambe anamkimbilia, akaenda akamkumbatia. Ukumbi haukupiga makofi. Nilimwona baba wa bwana harusi ameinamisha kichwa, na baadaye, kwenye mkono wa heri, alimshika Baba mkono muda mrefu sana. Baba mdogo alikuwa analia waziwazi, tai imekwenda upande. Mpaka leo hatujazungumzia yale ya asubuhi, ila Jumapili iliyofuata alinipa kuku.

Ya kujifunza kwa wenzangu wa kazi hizi: picha ya sifuri usiifute, ichore upya au uzibe pengo. Flash ichomolewe kwa adabu. Angalia kama sauti imeingia. Na ukishabana video yako, kaa uitazame mpaka mwisho, hata kama umeitazama mpaka umechoka. Mimi nililijua hilo kabla, na bado sikulifanya.

Ya kujifunza kwa wote: mrekodi mzazi wako akiwa bado anapiga kelele. Usingoje daktari akupe wiki chache.

Juzi umeme ulipotulia, nilichora upya picha zote zilizopotea. Mdomo sasa unakwenda na sauti vizuri kabisa, hakuna kuruka, hakuna giza. Nikampelekea Vero kwake, najisifu. Akatazama mpaka mwisho, akasema ni nzuri, akanirudishia flash. Akasema yeye atabaki na ile yenye giza, kwa sababu kwenye giza ndipo anapomwona Baba.

Sasa hii mpya sijui niifanye nini. Wakuu, nyie mngeifuta au mngeitunza? Nasoma kila komenti, hata za matusi.